Sanduku la Chuma la Kapitolina

Siku ile mjinga alikuwa Rodion. Hata yeye mwenyewe siku hizi hakatai. Ukimkuta ametulia na glasi yake ya chai anaongeza kwamba wiki ile mji mzima wa Chita, huko Siberia, haukuwa na mjinga mwingine wa kumkaribia.

Rodion Platonovich alikuwa fundi wa mabasi ya umeme, na mkewe Kapitolina alikuwa mpeleka barua. Miaka ishirini na sita ya ndoa. Wivu Rodion alikuwa nao tangu ujana, ila ulikuwa umekosa kazi. Kazi ikapatikana mwezi wa tatu, siku alipokuwa akitafuta kiberiti kwenye mfuko wa koti la mkewe, akatoa picha ndogo ya pasipoti. Kapitolina huyo, nywele zimetengenezwa, midomo imepakwa rangi, anatazama mbele kama mtu aliyeulizwa swali na jibu analo. Picha za namna hiyo hupigwa nne kwa mkupuo. Hapa ilikuwepo moja. Tatu ziko kwa nani?

Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo. Wakati wa baridi mbwa wasio na mwenyewe walimzingira Kapitolina kwenye vichochoro vya nyumba za mbao, wakamrarua mguu hadi akashonwa nyuzi kumi na moja. Alipopona alisema mezani, mbele ya wageni, kwamba atanunua bastola ya risasi za mpira, ile isiyoua, ya kujikinga. Rodion akacheka mpaka akapaliwa na pelmeni, vile vibumba vya unga vyenye nyama. "Kwa ulimi huo? Wanaohitaji kinga ni mbwa!" Wageni wakacheka. Kapitolina akacheka pia, na tangu hapo hakumwambia mtu. Akaanza kufuata sheria peke yake, hatua moja baada ya nyingine: maombi, picha, mafunzo ya kulenga shabaha kila Jumamosi, na sanduku la chuma ambalo ufunguo wake lazima uwe kwa mwenye silaha tu, hata mume asiuguse. Iliyobaki ilikuwa hatua moja, tena ndiyo ngumu. Polisi wa mtaa huja nyumbani kukagua sanduku, kisha huwauliza majirani kama nyumba ile ina ugomvi. Ikionekana ina ugomvi, leseni hakuna.

Rodion hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba mkewe anatoka Jumamosi asubuhi na kurudi saa nane mashavu mekundu, uso wa mtu aliyeshinda kitu, nywele zinanuka moshi.

"Ulikuwa wapi, Kapa?"

"Kazini."

"Kazi gani ya posta inanuka moshi?"

"Barua za mapenzi, Rodya. Zinaungua zenyewe mkobani."

Alitania. Rodion usiku hakulala.

Jumatano akitoka kazini akamkuta Faina Markovna, mjane wa mlango wa pili, amesimama kwenye ngazi na kopo la maji.

"Pole na kazi, Rodion Platonovich. Naona jana mlipata mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mimi nitajuaje? Mimi si mtu wa kuchungulia. Kijana mrefu, Mburyati, wa kabila la wenyeji wa huku, sare imemkaa utadhani kashonewa na mama yake. Aliingia saa tano na dakika kumi, akatoka saa sita kasoro kumi. Mkeo alimpa chai. Na jamu."

"Kwa mtu asiyechungulia, umeona mengi."

"Nilikuwa namwagilia maua."

"Kupitia tundu la kitasa?"

"Jamu ya blueberi, mwenzangu," akasema Faina kwa upole, akaingia kwake.

Ile jamu ilimchoma kuliko sare. Blueberi, vile vitunda vya buluu vya msituni, walikuwa wamechuma wote wawili mwezi wa nane, migongo imepinda, mbu wanawala, na tangu ifungwe kwenye chupa Rodion alikuwa hajaonjeshwa hata kijiko. Ati ni ya wageni. Dakika arobaini! Mtu anakula nini dakika arobaini?

Akafungua kabati kunusa kama makoti yana marashi ya kiume. Nyuma ya makoti akakuta sanduku la chuma la kijivu, limefungwa ukutani kwa bolti nne mpya zinazong'aa. Vumbi la plasta lilikuwa bado chini, na drili iliyotumika ilikuwa ya kwake, imerudishwa mahali pake, imefutwa vizuri. Yaani hata zana ametoa mume mwenyewe!

Kapitolina aliporudi akamkuta amekaa mbele ya kabati kama mlinzi wa benki.

"Ufunguo."

"Sikupi."

"Kuna nini humo?"

"Kwa sasa hewa. Rodya, sanduku hili wewe huruhusiwi kuligusa. Ni sheria."

"Sheria ya nani?"

"Ya serikali."

"Sasa serikali imeingia kabatini mwangu! Imeingia na sare, au imeivua?"

 Kapitolina angeweza kumwambia yote pale pale. Lakini kicheko cha wageni kilikuwa bado kiko mezani kwake, na alitaka kwanza aiweke karatasi yenye mhuri mbele ya yule aliyecheka. "Ngoja hadi kesho mchana," akasema. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi, ndani ya sweta. Rodion aliuona uzi ule usiku kucha hata taa ilipozimwa.

Alhamisi Kapitolina akaenda kugawa barua. Rodion akapiga simu karakana, akasema jino linamuuma, kisha akatoa grinda ya kukatia chuma.

Kelele iliyofuata ilisikika ghorofa zote tano. Cheche ziliruka, zikatoboa kofia yake mwenyewe ya manyoya. Dakika kumi zilipita na chuma kikawa na mkwaruzo wa urefu wa kidole, basi. Katikati ya hiyo kazi kengele ya mlango ikalia. Akafungua akiwa na grinda mkononi, miwani ya kazi usoni, vumbi hadi kwenye nyusi.

Mlangoni alisimama kijana mrefu, Mburyati, wa sare.

"Kumbe ni wewe," akasema Rodion.

"Ni mimi," akakubali kijana. "Luteni Tsydenov, polisi wa mtaa. Nimekuja kuona lile sanduku."

"Una ufunguo na wewe?"

"Mimi? Hairuhusiwi. Juzi nilikuta halijafungwa ukutani, nikamwambia mkeo alipige bolti ndipo nisaini. Ombi la bastola ya risasi za mpira." Macho yake yakashuka hadi kwenye grinda. "Nimekuta ugomvi, mzee wangu?"



Nyuma ya luteni, Kapitolina alikuwa akipanda ngazi na mkoba wake, akichechemea kidogo kama afanyavyo kila akipanda. Akaona grinda. Akaona vumbi. Hakupiga kelele. Uso wake ulififia tu, akashika ukuta, na Rodion akaukumbuka uso huo: ndio aliokuwa nao hospitalini, mguu ukishonwa. Mlango wa Faina ulikuwa wazi upana wa jicho.

"Nauliza tena," akasema luteni, kalamu mkononi. "Nyumba hii ina ugomvi?"

"Haina," akasema Rodion.  "Mke wangu hajafanya lolote. Ni mimi. Nilidhani humo kuna barua zako za mapenzi. Nimelionea wivu sanduku."

 Luteni akaingia, akasukuma makoti, akalivuta sanduku kwa mikono miwili, halikutikisika. Akapitisha kidole kwenye mkwaruzo.

"Grinda dakika ngapi?"

"Kumi."

"Uimara, limefaulu." Akaandika. "Jirani! Wewe wa mlangoni. Hawa huwa wanagombana?"

Faina akajitokeza na kopo lake. Alimtazama Rodion, akamtazama Kapitolina, na ilionekana wazi angependa sana kusema. "Huyu mume anapiga kelele kama redio," akasema mwishowe. "Hajawahi kumgusa."

Luteni akasaini, akamwambia Kapitolina aende kuchukua leseni Jumatatu, akakataa chai mara mbili huku akimwangalia Rodion, akashuka ngazi haraka.

Rodion alifagia. Alipomaliza kufagia alianza kujisikia mwanamume tena, na hapo ndipo alipoharibu.

"Lakini Kapa, nawe sema kweli. Picha, moshi, polisi, jamu! Mtu yeyote mwenye akili timamu angefikiria nilivyofikiria."

Kapitolina alifungua mkoba, akatoa karatasi, akaibamiza juu ya meza kwa kiganja.

"Hiki ni cheti cha daktari wa wagonjwa wa akili. Bila hiki hupewi leseni. Mimi nimepimwa, nimeonekana mzima, na mhuri huu hapa. Haya, nionyeshe chako."