Springi za Gari la Wafiwa

Ijumaa asubuhi Cleotis Fairley alifungua buti la limuzini ya wafiwa, akazima swichi ya upepo iliyojificha kando ya gurudumu la akiba, kisha akapiga jeki upande wa nyuma. Baridi ilikuwa imekaza mji mzima wa Harlan Fork, na maji ya sabuni yalikuwa yameanza kuganda ndooni. Alikuwa amekwisha kuyapaka kwenye mifuko yote miwili ya mpira, na halikuchomoza hata povu moja.

"Haivuji," alimwambia Ardis Pettway, mwenye gari.

"Nani kakuuliza kama inavuja?" Ardis alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la mazishi, mikono mifukoni. "Nimekwambia toa mifuko, weka springi. Kesho saa nne nina mazishi."

Limuzini ile Ardis aliirithi kwa babake pamoja na kampuni ya mazishi. Mbele ilibebwa na springi za chuma kama gari lolote, lakini nyuma, wanakokaa wafiwa, ilibebwa na mifuko minene ya mpira iliyojazwa upepo na pampu ndogo. Magari ya namna hiyo yakizeeka, mpira hupasuka, na asubuhi mwenyewe huyakuta yameketi chini. Hii haikupasuka. Hii iliketi pale tu ndugu aliyehusika na kifo cha marehemu alipoingia na kufunga mlango.

Mji mzima ulijua hivyo, na palikuwa na utaratibu wake. Gari likiketi, Mchungaji Whitlow hufungua mlango wa nyuma, huweka kofia yake kifuani, akasubiri. Anayehusika husema. Akishasema, pampu hunguruma, gari huinuka, watu huenda kuzika. Kwenye mazishi ya Bibi Hattie Crume alikuwa mjukuu wake, aliyeuza dawa zake za moyo. Alisema kwa maneno machache tu, akalia, na baadaye akakaa na wenzake kula kwenye chumba cha chini cha kanisa, ingawa hakuna aliyempitishia sinia la makaroni.

Siku ya Alhamisi, familia ya Lonzo Mayhew ilipochukuliwa kwenda kanisani kumtazama marehemu, aliingia mjane wake Verlene, gari likatulia. Akaingia kaka yake Verlene, Shemasi Thurman Gaskin, akakaa kando ya dada yake. Gari likaketi mpaka matao ya bodi yakagusa matairi ya nyuma.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nyumba alimofia Lonzo ilikuwa ya shemasi. Tanuru la gesi la kupasha nyumba joto, kule chini, lilikuwa na ufa wa kuvujisha hewa ya sumu isiyo na harufu, na Verlene alikuwa akimwomba kaka yake alibadilishe tangu baridi ya mwaka juzi. Shemasi alikuja na kopo la saruji, akaupaka ufa, akanawa mikono jikoni, akala kipande cha keki. Verlene alifanya kazi usiku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Asubuhi moja alirudi, akamkuta Lonzo kitandani, mashavu yamemwiva kama mtu aliyetoka kucheza kwenye theluji. Daktari aliandika moyo. Mkaguzi wa jiji alikuja, akaliwasha tanuru, likawaka, akaondoka zake.

Verlene hakutaka kaka yake afungwe. Hakutaka hata aombwe radhi. Alitaka kitu kimoja: Thurman aseme mbele za watu kwamba ni tanuru, ili nyumba ile isipangishwe tena. Maana ilikuwa imekwisha kupata wapangaji, familia kutoka Kentucky yenye watoto, nao walikuwa wanahamia Jumapili.

"Thurman," alimwambia mle garini, mchungaji akiwa kasimama na kofia kifuani. "Sema tu, kaka yangu. Sema tuondoke."

"Mpira umekakamaa na baridi," alisema shemasi. "Cleotis autazame."

"Thurman."

"Dada, una msiba. Nyamaza."

Walisubiri mpaka kwaya kule kanisani ikaishiwa nyimbo. Mwisho dereva akaliondoa gari hivyo hivyo, tumbo linakwaruza lami, na watu wakatoka kwenye baraza za nyumba zao wakavua kofia. Kanisani shemasi alimvuta Ardis pembeni. Shemasi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la wadhamini wa kanisa. Alimwambia, kwa upole sana, kwamba kuna kampuni nyingine ya mazishi ng'ambo ya mto, na magari yao ni mapya.

Basi Cleotis alikuwa chini ya gari, Ijumaa, akilegeza vali ya mfuko wa kulia ili upepo utoke. Kazi hiyo kwa kawaida humalizika kabla kahawa haijapoa. Safari hii upepo ulitoka polepole, kwa mkoromo wa mgonjwa, mpaka adhuhuri. Hata ulipokwisha, mfuko haukubebeka. Mpira mtupu, usiozidi kilo mbili, ulimshinda, ikabidi auburute kwa mnyororo hadi ukutani, ukaacha mfereji kwenye sakafu ya zege. Alikuwa akiufukia mfereji kwa vumbi la mbao Verlene alipoingia na samaki wa kukaanga kwenye karatasi.

"Umekula?"

"Bado, dada Verlene. Lonzo angekuwapo angeniambia nimekonda."

"Lonzo alikuwa muongo." Akacheka kidogo, akaweka samaki juu ya benchi. Kisha akatazama ukutani. "Umeshautoa mmoja."

"Nimeutoa."

"Uache huo mwingine."

"Gari litaenda limepinda, dada."

"Mambo ya mji huu yalinyooka lini, Cleotis? Liache lipinde. Limwinamishe upande mmoja tu, watu waone. Nakuomba."

Cleotis alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alimpenda Lonzo. Walikuwa wakivua samaki pamoja na kutukanana kila Jumamosi, na tangu afe alikuwa hajagusa ndoano. Lakini karakana hii pia ilikuwa ya shemasi.

"Unajua ukuta huu ni wa nani," alisema.

"Najua."

"Basi usiniombe, dada. Ukiniomba tena nitakubali, na Jumatatu sitakuwa na pa kutundika spana zangu."

Verlene hakumwomba tena. Alimwambia ale samaki kabla hajapoa, akatoka. Huo ndio uungwana wake, na mimi nauona ulikuwa mkubwa mno kwa mji ule.

Cleotis akatoa mfuko wa pili. Akaweka vikalio vya chuma, akasimamisha juu yake springi mbili nyeusi mpya, nene, za kubeba limuzini. Akashusha jeki taratibu. Zilijibana kidogo, zikashika. Akachomoa waya za pampu, na kwenye dashibodi akatoa balbu ya taa ya onyo, maana isingezimika kamwe. Akabonyeza buti kwa uzito wake wote, gari likashuka, likarudi juu. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuja na winchi akaichukua ile mifuko bila kuuliza, akalalamika tu juu ya ekseli ya lori lake.

Jumamosi Verlene akaingia, akakaa. Shemasi akaingia, akakaa kando yake, akafunga mlango. Gari halikutikisika. Mchungaji Whitlow alikuwa amekwisha kushika kofia. Aliitazama, akairudisha kichwani, akaenda mbele ya msafara. Watu walioshika uzio walipumua. Wengine walitabasamu, kama watu walioambiwa kwamba mvua haitanyesha.

"Umeona?" shemasi alimwambia dada yake. "Ilikuwa mpira."

Verlene alitaka kujibu, lakini kulikuwa na kitu kizito kinamshukia mapajani.

Makaburini ardhi ilikuwa imeganda kiasi kwamba kaburi lilichimbwa kwa mashine. Verlene alishuka garini, akakanyaga nyasi, akazama hadi vifundoni. Wahudumu wawili wa kanisa wenye glavu nyeupe, waliozoea kudaka wanaozirai, walimshika makwapani wakamng'oa, wakampangusa viatu. Hatua ya pili akazama tena. Mmoja wao akaenda kutafuta mbao. Wakazilaza moja mbele ya nyingine mpaka kaburini, naye akapita juu yake, na mbao zikalia. Shemasi alitembea kandoni, juu ya barafu nyembamba ya nyasi, wala haikuvunjika. Alisoma Zaburi kwa sauti nzuri. Alikuwa na sauti nzuri sana, lazima tumpe haki yake.

Kwenye chumba cha chini cha kanisa, miguu ya kiti cha Verlene ilitoboa sakafu, na kina mama wa jikoni wakaweka ubao chini yake bila kukatiza mazungumzo. Wakamjazia sahani mboga na kuku. Ardis alikuja kumpa mkono wa pole, akaona vigae vilivyopasuka, akainamisha macho.

"Springi ndivyo zilivyo," Cleotis alimwambia Ardis walipokuwa wakichukua makoti. "Upepo unameza. Chuma hakimezi. Kinausukuma uzito juu, anaubeba aliye karibu."

"Na hukuniambia?"

"Ungebadili neno lako?"

Ardis alifunga vifungo vya koti lake, vyote, mpaka cha shingoni. "Zina dhamana?" aliuliza.

"Za maisha."

"Vizuri," alisema Ardis, na kweli ilikuwa vizuri, kwa biashara.

Jumatatu Verlene alienda kwenye ile nyumba kwa miguu, kwa sababu basi lilikataa kuondoka naye ndani. Vigae vya njia vilikatika kila alipokanyaga, na jirani mmoja aliyekuwa akikwangua theluji alimsalimu, akaendelea kukwangua. Uani kulikuwa na baiskeli ya mtoto na maboksi matupu. Alipokanyaga ngazi ya kwanza ya baraza, ubao ukavunjika. Akarudi kwenye nyasi, akaita kutoka pale.

Mwanamke kijana alifungua mlango, mtoto mchanga begani, mikono ya blauzi imekunjwa. Joto la ndani lilitoka na harufu ya bekoni.

"Mimi naitwa Verlene. Nilikuwa nikiishi hapa."

"Ah, mama! Shemasi alituambia ungekuja. Pole na msiba. Alisema umekuelemea sana."

"Mwanangu, nisikilize. Mume wangu hakufa kwa moyo. Ni tanuru. Lina ufa nyuma, amepaka saruji. Muulize yeyote umtakaye."

"Tumeuliza, mama," mwanamke alisema kwa huruma. "Tumeuliza mtaani. Kila mtu katuambia zamani kulikuwa na gari linalojua mambo hayo, na Jumamosi halikusema kitu."

Verlene alihisi nyasi zikimpita vifundoni. "Hamieni pengine."

"Januari hii? Na watoto watatu?"

"Basi laleni na dirisha wazi. Kidogo tu. Kiasi cha kidole."

"Mama yangu, kwa baridi hii!" Alicheka, si kwa dharau, akamvuta mtoto karibu na shingo. "Huko tulikotoka tulikuwa tunalala na makoti. Hapa nyumba ina joto tamu. Tangu jana watoto wanalala fofofo, hata kuwaamsha ni kazi."

Ndani sauti ya mwanamume ikamwambia afunge mlango, joto linatoka. Yule mwanamke akamwomba Verlene radhi, akamwambia aende salama, akafunga. Verlene alibaki pale uani, udongo ulioganda umemfika magotini, na kupitia nyayo zake akalisikia tanuru likiwaka.