Chuo cha Mwaka Mmoja

Hakuna mteja wa sare za shule aliyeingia katika chumba kile cha mbele akatoka bila kusikia habari za chuo. Mama mshonaji alizitoa pamoja na vipimo. Akizungusha tepu kiunoni mwa mtoto, pini zikiwa mdomoni, alieleza kwamba bintiye, msimamizi wa ghala la dawa, alikuwa anakwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamili ya menejimenti. Mwaka wa kwanza ungekuwa wa darasani, na wa pili wa kujifunza uongozi kwa vitendo ndani ya kampuni kubwa. Mama alikijua chuo hicho kama alivyoijua njia ya kwenda jikoni kwake.

Vyuo vilivyomkubali binti vilikuwa viwili, na mama na bintiye walikuwa wamevipima kwa majuma kadhaa kando ya cherehani. Cha pili kilikuwa kidogo, cha mwaka mmoja tu, bila mafunzo ya kazini. "Hicho ni uji mwepesi," mama alikuwa amesema. "Unakunywa, unasimama, njaa iko palepale." Walicheka, wakakiweka kando. Lililobaki lilikuwa kuthibitisha nafasi, na siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu.

Ijumaa kaka yake binti alimfuata ghalani. Alisimama katikati ya maboksi akizungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni, akasema bila kumtazama usoni kwamba maumivu ya mama hayakuwa vidonda vya tumbo. Ilikuwa saratani, nayo ilikwisha kusambaa. Daktari alikuwa amemwita baba faraghani na kumweleza kwamba mama, akijaliwa, angemaliza mwaka mmoja; zaidi ya hapo hakuweza kusema. Baba akatoka mle, akamwambia mkewe ni vidonda tu, apunguze pilipili.

"Baba hataki mama ajue," kaka alisema. "Na wewe hukupaswa kuambiwa. Eti utasoma vibaya."

Ndivyo nyumba ile ilivyoishi. Baba alikuwa seremala, na kama alivyofukia vichwa vya misumari ndani ya mbao visionekane, ndivyo alivyofukia habari mbaya. Bibi alipofariki binti akiwa katika mitihani, aliambiwa baada ya karatasi ya mwisho, maziko yakiwa yamekwisha kupita. Kila mmoja pale alikuwa amewahi kufichwa jambo kwa wema, na kila mmoja alikuwa amewahi kuficha.

Jumamosi asubuhi binti aliketi mahali pake kando ya cherehani. Mwaka mmoja angeweza kuuthubutu, miwili, hapana. Ila angebadilije chuo bila kumfunulia mama siri?

"Mama, nimefikiri upya. Nadhani nitakwenda kile kidogo."

Mguu wa mama ulitulia juu ya kanyagio. "Kile cha uji?"

"Mji wa kile kikubwa una baridi kali mno."

"Na hicho kingine kimejengwa mekoni? Nchi ni hiyohiyo, mwanangu."

"Kazini nako hawatanipa ruhusa ya miaka miwili."

"Bosi wako nimewashonea wanawe sare. Alikaa hapo ulipokaa, akasema kiti chako kitakungoja hata mitatu."

"Nataka nimalize haraka. Masomo yamenichosha."

"Umechoka na safari hata viatu hujavaa," mama alisema, akaanza kucheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Akachomoa pini mdomoni moja baada ya nyingine. Alimtazama bintiye kama anavyoutazama mshono uliokwenda upande.

"Mwaka mmoja," alisema polepole. "Nani amekwambia?"

Binti alitaka kujifanya haelewi, lakini jibu lilimtoka lenyewe. "Kaka."

"Ana mdomo, yule. Ana huruma pia." Mama akalaza kitambaa magotini. "Tangu lini baba yako akanibebea ndoo ya maji huku anapiga mluzi? Nilirudi kwa daktari peke yangu, nikamwambia asinizungushe."

"Ukajua, na bado ukanisukuma kwenye miaka miwili?"

"Nilitaka mambo yapite wewe ukiwa na shughuli zako."

"Basi siendi popote."

"Ukibaki, baba yako atauliza kwa nini nimekuruhusu, kisha atajua kwamba najua. Anaamka asubuhi kwa sababu anadhani ananikinga. Usimnyang'anye hilo." Mama alichomeka pini kitambaani. "Nenda huo mwaka mmoja. Nitajaribu kukusubiri. Siahidi, mwanangu, lakini nitajaribu."

Binti aliinamisha kichwa juu ya rundo la sare zisizo na vifungo, akalia bila sauti, na mama akampapasa kisogo kwa mkono ulionuka mafuta ya cherehani.

Baba aliingia kwa mlango wa nyuma, nywele zimejaa unga wa mbao. "Mama watoto, umemeza dawa za vidonda?"

"Nimemeza."

Aliyaona macho ya binti. "Kuna nini?"

"Amebadili chuo," mama alijibu kwa wepesi, akikanyaga tena cherehani. "Atakwenda kile cha mwaka mmoja. Anaogopa baridi."

Baba alimtazama binti. "Mwaka mmoja," alirudia, akaitazama sakafu. Kisha akacheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe. "Mwoga kama mamake," alisema, akaenda kunawa mikono. Maji yalitiririka kule nyuma kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji, na wale wawili hawakumfuata.