Bendera ya Chuo cha Bondeni

Maalim Faiz alipofariki, mwaka wa tisini na nne, wengi pale Bondeni walidhani chuo chake cha Kurani kitafungwa. Hakikufungwa. Mjane wake, Bi Fadhiya, aliendelea kuwasomesha watoto katika sebule ile ile ya chini, na mfungo sita, mwezi wa Maulidi, ulipoandama akatangaza kuwa watoto wake watatoka kwenye zefe la Maulidi kama kawaida yao, wapite mitaani wakipiga matwari na kuimba kasida mpaka uwanja wa Makadara.

Bwana Jamaldin, mmoja wa wapangaji wa zefe, alikuja kumpa nasaha. Chuo hakina mwanamume wa kukitangulia, alisema, na watoto wenyewe ni wachache. Bora wachanganywe na wa chuo kikubwa cha Kibokoni. Bi Fadhiya alimsikiliza nyuma ya pazia mpaka akamaliza.

"Watoto hawa wana chuo chao, Bwana Jamaldin," akasema. "Watakwenda kwa jina lake."

Siku ya pili akatuma aitiwe Thoya.

Thoya alikuwa mpakizi wa shehena bandarini. Alizaliwa bara ya Kaloleni, akasilimu ukubwani, na binti yake Sidi alikuwa akisoma kwa Bi Fadhiya. Tangu ahamie Mombasa, kila Maulidi alisimama kando ya njia, mgongo ukutani, akilitazama zefe kama mtu anayetazama arusi asiyoalikwa. Alipoambiwa kuwa anatakiwa yeye abebe bendera, alishtuka. Akaeleza kwa adabu kwamba yeye si mtu wa mji, kwamba hata Kiarabu cha sala kinampa tabu, na kwamba wako akina baba waliozaliwa mtaa ule ule.

"Hao nawajua," alisema Bi Fadhiya. "Nimekuita wewe, Baba Sidi, kwa kuwa mwanao ndiye atakayetoa kasida, wenzake wapokee."

Thoya hakuwa na habari. Jioni nyingi alikuwa amejilaza baada ya kazi huku Sidi akirudia beti zile zile upande wa pili wa pazia la nyumbani kwao, mpaka yeye akajifunika shuka kichwani. Alidhani ni masomo tu.

Siku ilipowadia, mkewe Mbodze alimpigia kanzu pasi ya makaa mpaka ikakatika mistari. Baada ya sala ya alasiri watoto walipangwa, wavulana na matwari yao, wasichana wadogo na mitandio myeupe, Sidi katikati, Thoya mbele na bendera ya kijani. Nyuma yao kulikuwa na kile chuo kikubwa cha Kibokoni, kilichofunga vipaza sauti juu ya mkokoteni.

Walianza vizuri. Wanawake waliwanyunyizia marashi kutoka madirishani, na Thoya akajiona anarefuka. Lakini walipoingia mtaa wa Ndia Kuu, njia ikabana, na ule mkokoteni ukawakaribia hata vipaza sauti vikawavumia masikioni. Matwari yakapotezana, kila moja likaenda zake. Sauti ya Sidi ikamezwa, ikarudi, ikamezwa tena. Kisha akafunga mdomo. Wadogo wakaanza kutafuta mama zao kwa macho, na mzee mmoja barazani akasema kwa sauti ya kusikika kuwa chuo hiki kimekwisha na mwenyewe Maalim Faiz.

Thoya aligeuka. Alimwona mwanawe ametazama chini. Moyo ulimtuma amshike mkono waondoke zao. Badala yake akasimama pale pale na kuukita mti wa bendera chini, na msafara mzima nyuma yake ukasimama, mkokoteni pia.

Akaimba.

Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kumwita mwendesha winchi kutoka tumboni mwa meli. Ilijaa njia nzima. Maneno ya Kiarabu yaliporomoka vibaya, mengine yakakatika nusu, lakini beti ilikuwa ni ile na mahadhi ni yale. Watu wakacheka madirishani. Sidi naye akacheka. Kisha, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kusikia kasida yake ikiharibiwa, akainua kichwa akaitoa upya beti ile, kila herufi mahali pake, juu ya sauti ya baba yake. Tari la kwanza likaingia, la pili likafuata, na watoto wakapokea. Mwenye mkokoteni akazima vipaza sauti vyake. Thoya akanyamaza, akaing'oa bendera, akaendelea na safari.

Waliimba hivyo mpaka Makadara, na jina la chuo cha Maalim Faiz likasomwa pamoja na mengine. Bwana Jamaldin alimpa Thoya mkono, akamwambia kwamba mwakani awapange watoto mbele kabisa. Upande wa wanawake, Bi Fadhiya alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya buibui.

Sidi alikuwa na donge la halua kiganjani. "Baba, ulijifunza lini?"

"Nyumba yetu ni chumba kimoja, mwanangu."

Kesho yake, wakati wa mapumziko bandarini, Thoya aliwasimulia wenzake, akaanza tena kwa kila aliyechelewa kufika. Charo, ambaye alikuwa mwimbaji kanisani kwao, alisikiliza mpaka mwisho, akamwomba aiimbe hiyo kasida. Thoya akasimama wima katikati ya magunia ya kahawa, akawaambia kwanza kuwa mwenye kasida ni binti yake, kisha akaiimba.