Marashi Kwenye Rejeta

"Vipande vitano," Badria alisema, kiganja kimeegemea kaunta. "Na usivipunje. Marehemu alikuwa mrefu."

Mzee Devendra hakuuliza ni nani. Miaka ishirini na tatu anamkatia Badria bafta ya sanda katika duka lake la Kariakoo. Leo alikuwa amefungua mlango mmoja tu, jua halijachomoza, yeye mwenyewe bado na ndala za nyumbani. Alipima kwa mkono, akachana kitambaa kwa vidole, maana Badria hakupenda bafta ya maiti iguswe na mkasi.

"Dereva nani?"

"Mimi."

Devendra alichungulia nje. Gari dogo jeupe, lililoachwa na marehemu mume wa Badria, lilikuwa limeegeshwa kando ya mtaro, tairi moja juu ya maganda ya machungwa. "Bi Badria, hilo halijavuka Ubungo tangu mzee wako afariki."

"Leo litavuka, mpaka Kondoa."

"Mpaka Kondoa? Peke yako?"

"Mwanangu Mudi yuko Mtwara kikazi. Treni imejaa. Basi litanifikisha magharibi, wameshazika. Nifungie, Mzee Devendra, usinivunje moyo."

Akamfungia. Akaongeza pamba, kafuri, na chupa sita kubwa za marashi ya mawaridi. "Na maji ya gari ubebe," alisema akimsindikiza.

"Nina dumu."

Badria alilizunguka gari akikagua matairi, la kulia kwanza, kisha la kushoto. Hivyo ndivyo mkono wake ulivyozoea. Maiti huanzwa kuoshwa upande wa kulia.

Aliyefariki alikuwa Bi Sitara. Alifariki usiku, kwao Kondoa, na simu ilimkuta Badria kwenye mswala wa alfajiri. Zamani waliishi nyumba moja pale Mchafukoge, vyumba vinatazamana, na Bi Sitara ndiye aliyemfundisha kuosha: namna ya kushika kichwa, namna ya kupitisha maji chini ya shuka bila kufunua mtu. Halafu siku moja, mlango umefungwa, alivua kanga akamwonyesha mgongo. Alama tatu za pasi ya mkaa, kila moja na ncha yake, ngozi imekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka.

"Mume wangu," alisema. "Mara tatu, miaka mitatu."

Mwanamume huyo alikwishakufa. Kondoa jina lake bado lilitajwa kwa utamu, na binti zake walimlilia kila Idi. "Siku yangu, uje unioshe wewe," Bi Sitara alimwambia. "Wanangu wana baba mmoja tu. Sitaki mgongo wangu uwanyang'anye."

Badria aliahidi. Sasa ahadi ilikuwa na saa yake. Nasreen, binti mkubwa, alisema kwenye simu: "Mama mdogo, wazee wametoa mpaka saa kumi na moja jioni, basi. Usipofika tutamwosha sisi wenyewe."

Chalinze. Morogoro. Malori yalimpita yakilitikisa gari, naye akashika usukani kwa mikono miwili kama anayebeba beseni lililojaa. Gairo, askari wa barabarani akamsimamisha, akainama dirishani, akanusa.

"Shikamoo mama. Umebeba nini humu?"

"Marahaba. Kafuri, mwanangu. Nawahi kuosha."

Askari alirudi nyuma hatua mbili. "Nenda, mama. Ila polepole, usije ukaoshwa wewe."

Alipoipita Dodoma ilikuwa saa nane. Hapo akaishika njia ya kaskazini, ile barabara kuu ya zamani ambayo wakoloni waliota itoke Afrika Kusini ifike Misri. Siku hizi ina lami, lakini nchi yenyewe haikubadilika. Mwezi wa kumi huo, hakuna jani. Miiba mitupu, udongo mwekundu, mito ya mchanga isiyo na tone, na vumbi linalosimama wima, linacheza peke yake, linalala. Badria hakuona gari mbele wala nyuma. Alipaza sauti akasoma dua, apate kusikia mtu.

Baada ya Haneti mshale wa joto ulipanda. Aliuona. Akajidanganya kidogo, kilomita tano, kilomita saba. Kisha mvuke ukatoka chini ya boneti, naye akasimama.

Saa tisa na dakika kumi. Kila dereva anajua kwamba rejeta husubiriwa ipoe kabla ya kufunguliwa. Badria naye alijua, mumewe alimwambia mara mia. Lakini alimwona Nasreen akikunja mikono ya gauni, akiinua shuka ya mama yake. Akakunja kitambaa, akakishika kifuniko, akakizungusha.

Maji yalimrukia kiganja cha kulia. Alipiga kelele. Ngozi ilivimba hapo hapo, nyeupe, inang'aa.

"Mjinga we," alijiambia, machozi yakimtoka. "Mwanamke mzima!"

Alimimina dumu lote kwa mkono wa kushoto. Rejeta ikameza, na chini ikatona. Haikujaa. Akatazama barabara kulia, akatazama kushoto. Kisha akafungua marashi. Chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka tano. Moja akaibakiza ya Bi Sitara. Gari likawaka, na kutoka hapo mpaka Chemba, mpaka Kondoa, mvuke wa mawaridi ulimfuata ndani kama yuko chumbani na maiti tayari.

Alifika saa kumi na nusu imepita. Wanaume walikuwa kwenye turubai, jeneza tayari. Nasreen, mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, alimpokea mlangoni, akamkumbatia, akauona mkono.

"Mama mdogo! Umeungua?"

"Kidogo. Wote watoke. Nitamwosha mwenyewe."

Wanawake walitoka wakinong'ona. Nasreen hakutoka. Badria alichota maji ya majani ya mkunazi kwa kata, vidole vikakataa kufunga, kata ikaanguka sakafuni ikabingirika mpaka ukutani.

"Peke yako hutaweza kumgeuza," Nasreen alisema taratibu.

"Nitaweza."

"Saa, jamani!" mzee mmoja aliita nje.

Badria alitazama mkono wake, akamtazama Bi Sitara chini ya shuka, mrefu, ametulia. Nasreen aliokota kata, akaisuuza.

"Tunaanza upande wa kulia, siyo?"

Wakaanza kulia. Kichwa, bega, ubavu. Ikaja zamu ya kumgeuza. Badria akasogea ili azibe kwa mwili wake, lakini Nasreen alikuwa ameshafumba macho kabla hajaambiwa. Alimshika mama yake begani, akamgeuza. Kiganja chake kikapita chini ya shuka iliyolowa, hakikupapasa, kikaenda moja kwa moja mpaka kwenye alama ya juu ya pasi, kikatulia hapo.

"Mimina, mama mdogo," alisema, macho bado yamefumba.

Badria alimimina kwa mkono wa kushoto. Nje, rejeta ilikuwa bado inatona.