Paa la Sabuni

Tangu Pasaka, Hilda Thackwell alikuwa anamshuku mtu, na kila ndoo iliyojaa maji ya mvua kwenye ghorofa ya juu ilimzidishia hasira. Mtu mwenyewe alikuwa Sidney Yelland, fundi paa wa kijijini. Mwezi wa Machi Yelland aliziba nyufa zote za paa la jumba la Marlcote. Kufika Mei paa likawa linavuja kuliko alivyolikuta. Na paa lile lilikuwa la mabamba ya madini ya risasi, kitu ambacho tangu vita viishe wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wanakigombania. Hilda hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Mwanamke mwingine angeongeza ndoo, akanywa chai yake. Lakini paa lile lilikuwa la Hilda. Kila kitu kingine pale Marlcote kilikuwa cha akina Thackwell. Wa kwanza wao alipewa ardhi na mfalme aliyewafukuza watawa, na mjukuu wake akajenga jumba kwa mawe ya kanisa la watawa wale wale, bila haya. Baada ya hapo hakuna Thackwell aliyejenga hata banda la kuku. Walicheza kamari, walifuga farasi wasioshinda, na kila jumba lilipotaka kuanguka, walioa mke mwenye mali. Mmoja alioa sukari ya Barbados, iliyolimwa kwa jasho la watumwa. Mwingine alioa makaa ya mawe. Picha za wanaume hao zimepangwa kwenye ngazi kuu, wote wanakutazama kwa dharau. Za wake zao zimetundikwa kwenye ujia wa kwenda stoo ya nyama.

Hilda hakuchorwa kabisa. Baba yake alikuwa mchemsha sabuni wa Bristol, na sabuni hiyo ndiyo iliyolipia paa jipya mwaka alioolewa na Aubrey Thackwell. Kijijini waliliita Paa la Sabuni. Hilda alijifanya hasikii, lakini moyoni alilipenda jina hilo, maana ndicho kitu pekee pale kilichomtaja.

"Ni Yelland tu," alimwambia mumewe asubuhi moja, wakila mkate wa kuchoma. "Anapanda sisi hatupo, anabandua, anakwenda kuuza."

"Inawezekana kabisa, mke wangu," alisema Aubrey nyuma ya gazeti. "Mfukuze."

Hapo machale yalimcheza kidogo. Aubrey hakuwahi kukubaliana naye hata juu ya rangi ya chai.

"Niite polisi?"

"Polisi wa nini? Tutajiaibisha bure. Mfukuze, yaishe."

Basi Yelland akafukuzwa, na kijiji kikajua sababu kabla ya chakula cha mchana. Wiki chache baadaye alikuja mlango wa jikoni, kofia mkononi. Mpishi, Bi Trott, alikuwa anakanda unga, na hakuondoka. Angeondokaje wakati mambo yameanza kunoga?

"Bibi, kasisi kaniambia mnara wa kanisa atautafutia fundi mwingine," alisema Yelland. "Mke wangu haendi dukani, anaona haya. Nimekukosea nini?"

"Unajua mwenyewe ulichochukua."

"Nilichochukua! Nimechukua mafua tu kwenye hilo paa lako. Ulishapanda ukaona, au umeambiwa na ndoo?"

Bi Trott alicheka, akajifanya amepaliwa na unga.

Hilda alimfungia Yelland mlango. Lakini neno lile halikumtoka, na siku hiyo hiyo, Aubrey akiwa amesinzia maktaba, alipanda hadi darini, akavuta komeo la mlango mdogo wa paani, akatoka nje.

Risasi yote ilikuwepo. Hakuna bamba hata moja lililokosekana. Yalikuwa yamenyanyuliwa kwenye viungio, yakakunjwa vizuri pembeni kama shuka asubuhi, na mbao za chini zilikuwa nyeusi kwa kuoza. Hilda alisimama pale akili imemganda. Mwizi gani anahangaika kubandua mali, kisha anaiacha pale pale? Aliyefanya hivi hakutaka risasi. Alitaka mvua iingie.

Nyuma ya bomba la moshi alikuta mtaimbo. Chini yake palikuwa na mto wa mahameli wa maktaba, umefungwa vizuri katika koti la mvua. Mto wa kupigia magoti. Yelland angepiga magoti hata juu ya misumari bila kulalamika.

Alishuka bila kumwambia mtu, akaanza kumchunguza mumewe. Ni jambo baya kumchunguza mtu mnayelala naye chumba kimoja. Kila analofanya linageuka kuwa kosa. Aubrey alichechemea ngazini akishika goti lake bovu, na Hilda akajiuliza mbona leo anashika la kulia. Redio ilipotangaza mvua, Aubrey alipiga mluzi. Na Bwana Crouch, mkandarasi wa mjini aliyekuja kunywa chai mara mbili, hakusifu hata dirisha moja, alitazama malisho tu na kusema, "Pangekuwa tambarare hapa, zingeingia nyumba mia." Hilda alikasirika mpaka akamwaga maziwa. Aubrey hakukasirika.

Jumapili Aubrey akasema goti linamsumbua, hataweza kwenda kanisani. Kanisa lenyewe liko ndani ya uwanja wa jumba, kutoka mlangoni kwake unaliona paa lote la Marlcote. Hilda aliketi kwenye kiti cha familia, akaimba wimbo mmoja, mahubiri yalipoanza akaanza kukohoa, akatoka. Alipofika makaburini aliinua macho. Juu ya jumba palikuwa na mtu amepiga magoti.

Alikimbilia ndani, akapanda hadi paani, akamkuta Aubrey jasho linamtoka, mtaimbo mkononi.

"Goti limepona," alisema Hilda.

Aubrey aliruka, kisha akatulia, na cha ajabu alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Hukupaswa kujua," alisema. "Crouch anataka ardhi ikiwa tupu. Lakini siwezi kuwa Thackwell aliyeuza Marlcote, Hilda. Siwezi. Nyumba ikiharibika yenyewe, halmashauri itaamuru ibomolewe, na hakuna wa kulaumiwa. Ni mvua tu."

"Yelland analaumiwa."

"Yule atapata kazi kwingine."

"Na hili ni paa la baba yangu."

"Baba yako alikuwa mtu mwema," alisema Aubrey kwa upole, "ila hakuwa mtu wa kuelewa mambo ya nyumba kama hizi." Kisha akamsogelea, macho yanang'aa. "Au uuze wewe! Niiandike nyumba kwa jina lako, usaini. Wewe si Thackwell wa damu, haitakuuma."

Hilda alimtazama. Miaka yote alifikiri wanamdharau tu. Kumbe alikuwa amewekwa akiba, ili siku ikifika waseme mke wa sabuni ndiye aliyeliuza jumba. Iliuma kuliko alivyotarajia, na hakutaka kulia mbele yake.

"Shuka," alisema. "Nenda kwa Yelland, umwambie kwa mdomo wako."

"Usiwe mtoto. Siwezi kwenda kumwambia fundi kitu kama hicho."

"Haya."

Hilda aliinama, akapita mlango mdogo, akaufunga, akasukuma komeo hadi mwisho.

"Hilda? Hilda, usinifanyie mchezo!"

Kengele ilianza kulia. Watu walikuwa wanatoka kanisani, wakiwa na kofia zao za Jumapili, na walipofika njia ya uwanjani mmoja alisimama akaonyesha kidole juu, kisha wa pili, kisha kasisi. Aubrey alijibanza nyuma ya bomba la moshi, lakini mtaimbo alikuwa bado ameushika.

Hilda alishuka ngazi kuu polepole, akafungua mlango wa mbele. Yelland alikuwa amesimama mbali na wenzake, mkewe kamshika mkono, wote wawili wanatazama juu.

"Bwana Yelland," aliita Hilda kwa sauti, kila mtu asikie. "Nilikusingizia, naomba radhi. Sasa nakuomba ulete ngazi yako. Kuna mtu kwenye paa langu."