Barua ya Ijumaa

Siku ya themanini ya eda, baada ya sala ya alasiri, Rukaiya alikuwa chumbani kwake Mji Mkongwe akisoma kitabu cha vijana alichokiacha marehemu mumewe, Hamad. Kilimhusu Khairiya, msichana wa miaka kumi na minne aliyejifunza upelelezi kwa kumwiga mzee mmoja mpelelezi wa hadithi za kale. Alipofika ukurasa wa sitini, Khairiya alitoka kitabuni, akakung'uta sketi yake ya skuli, akamwamkia Bi Mwanakheri, mama mkwe wa Rukaiya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Sina wazee. Nimeandikwa."

Bi Mwanakheri alimmiminia chai, akamwambia avue viatu, huo mkeka ni wa kusalia.

Rukaiya hakuweza kutoka mpaka eda iishe, kwa hiyo alimweleza Khairiya. Hamad alikuwa fundi umeme wa hoteli moja Kendwa. Jumamosi alinaswa na umeme akafa, kwa waya wa pampu ya bwawa, waya alioulalamikia miezi mitatu. Hoteli ikaleta barua: Hamad aliacha kazi Ijumaa saa sita na nusu mchana, sahihi yake hii hapa, Jumamosi aliingia kuiba. Rukaiya alitaka neno hilo la wizi tu lifutwe. Wanawe wawili walishaanza kuitwa hivyo skuli.

Khairiya alipita chini ya mlango bila kuufungua, maana ni karatasi. Alirudi siku ya tatu.

"Ijumaa saa sita na nusu, Hamad alikuwa msikitini anaadhini," alisema. "Wamemsikia wanaume sitini."

"Wangapi watasema?" Rukaiya aliuliza.

"Hakuna. Arobaini wameajiriwa hotelini. Ishirini wameomba kazi huko."

Kwenye faili la hoteli alizikuta pia barua za kuacha kazi za mpishi, dobi na mzamiaji, mwandiko mmoja, wa meneja. Hotelini pale watu wana desturi ya kuacha kazi siku moja kabla ya kufa. Bi Mwanakheri aliwataja wote kwa majina, na nani alikosa sanda nzuri.

Kwenye ofisi ya kazi mjini, Khairiya alipokewa kwa heshima. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, akampiga muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye paji la uso, akamwambia vitabu vya vijana si ushahidi.

"Kitabuni mwangu mkosaji akishatajwa, kurasa huisha," alimwambia Rukaiya. "Kwenu je?"

"Kwetu hutugawia tende za Ramadhani."

Khairiya alimaliza chai yake, akarudi ukurasa wa sitini. Muhuri unaonekana kwenye picha yake mpaka leo.

Eda iliisha. Watoto waliendelea kuitwa wana wa mwizi. Mwezi ulipoandama, tende za hoteli zilifika mpaka mjini, kifurushi kimoja kwa kila mjane wao, na salamu za meneja juu yake kwa mwandiko ule ule. Rukaiya alikipokea kwa mikono miwili. Magharibi ilikuwa karibu, na watoto walikuwa wamefunga.