Besi Ndani ya Kabati la Léonie

Faustin Kapya alikuwa mtu asiyekaa. Akiketi, goti linacheza. Akila, vidole vinapiga meza. Mke wake Léonie alisema kuishi naye ni kama kuishi na cherehani, na wala hakusema hivyo kwa mapenzi. Kilichomkosesha raha kilikuwa kimoja tu: besi yake haikusikika.

Haikusikika, ndugu zangu, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe. Miaka ile ya Wabelgiji, kila Jumapili mchana, watu wa mtaa wa Kenya hapa Élisabethville walikwenda kucheza katika baa ya mzee Kunda. Orchestra ya Adalbert ndiyo iliyopiga pale: magitaa mawili, maraka, sauti tamu ya Adalbert mwenyewe, na nyuma yao Faustin amekumbatia besi ndefu kuliko yeye, anavuta nyuzi mpaka vidole vinatoka malengelenge, na wachezaji hawasikii kitu. Ungeweza kuiondoa besi ile katikati ya wimbo na asigeuke hata mtu mmoja.

Si kwamba hakujaribu. Alijitengenezea mashine ya kukuza sauti kutoka kwenye redio mbovu: lampi kadhaa, zile taa ndogo za kioo zinazowaka nyekundu kwa ndani, na spika moja ya karatasi, pana kama sahani ya bukari, ugali wetu. Kwenye besi akafunga sikio la simu kwa mpira wa baiskeli, lidake mtetemo. Ilifanya kazi, sitasema uongo, lakini sauti ilitoka nyembamba na kuishia miguuni pake. Faustin akaona dawa ni nguvu, akaongeza lampi. Mashine ikatoa moshi na kumuunguza nyusi. Rafiki yake Alphonse, aliyetengeneza redio katika duka moja mjini, alimwambia hadi akachoka kwamba mashine ndogo hailazimishwi, inatafutiwa spika na kasha vinavyoifaa, ili kile kidogo inachotoa kisipotee hewani. Faustin aliitikia ndiyo, ndiyo, kisha akamwomba lampi nyingine.

Ndipo Adalbert alipomweka pembeni. Hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba Jumapili ijayo besi isiposikika, mahali pake patakaliwa na Numbi. Huyo Numbi alikuwa na mashavu na tuba, lile tarumbeta nene la shaba, alipiga katika fanfare, bendi ya misheni, na akipuliza kuku wa mtaa mzima walikimbia. Faustin alirudi nyumbani. Siku zote za kazi alisukuma mabehewa kwenye kiwanda cha shaba, ambako aliitwa kwa namba. Jumapili, nyuma ya besi, ndiyo siku pekee aliyoitwa Faustin. Wakimnyang'anya hiyo, amebaki na nini?

Siku mbili baadaye jirani alilalamikia kelele. Faustin, kwa hasira, akaitupia spika ndani ya kabati la Léonie, juu ya vitenge vyake, mlango nusu wazi, akaendelea kupiga kidogo kidogo. Lo! Sauti iliyotoka humo ilimsimamisha. Ilikuwa nene, ya chini, na kila noti ilisimama peke yake. Vikombe vilicheza rafuni. Lampi zilikuwa zilezile.

Sasa hilo kabati. Lilitengenezwa na marehemu Mumba, baba yake Léonie, seremala wa Kambove, kwa mti wa mulombwa, na mlangoni alichonga njiwa wawili wanaotazamana. Alipofariki, mjane wake Ma Germaine hakubaki na kitu kingine kilichotoka mikononi mwa mume wake. Hata hivyo siku ya ndoa alimpa binti yake, akasema nguo za mwanawe zisilale chini. Mtu mwenye akili timamu angeligusa kwa kitambaa cha kufutia vumbi tu.

Faustin aliligusa kwa msumeno. Léonie alikuwa sokoni akiuza samaki wakavu wa Pweto, na yeye akakata mlangoni tundu la duara, akapigilia spika, akaufunga. Na alifurahi, masikini! Mke wake alipoingia na beseni kichwani, hakumpa hata nafasi ya kulitua. Alimwambia asikilize, akapiga. Léonie alikuwa akitazama mlango. Njiwa mmoja alikuwa amebaki mkia.

Alitua beseni. Alifungua kabati, akatoa vitenge kimoja kimoja, vya harusi na vya kila siku, akavifunga furushi, akaenda mtaa wa Katuba kwa mama yake.

Hapo ndipo Faustin alipojua ameliwa. Mwanamume mwingine angekwenda kupiga magoti. Lakini kwa watu wetu kuna buko, ile heshima ya ukwe: humtazami mama mkwe usoni, hukai naye chumba kimoja, husemi naye neno ila kwa kinywa cha mtu mwingine. Ukimwona njiani, unakata kona. Basi akamtuma Alphonse. Alphonse alirudi akijikuna shingo na kusema kwamba Ma Germaine hakumtukana mtu. Amesema tu atakuja mwenyewe kuuona mlango.

Usiku ule na uliofuata Faustin hakulala. Aliogopa Jumapili na aliogopa Katuba, na hakujua kipi zaidi. Nyumba ilikuwa kimya, nusu ya kitanda baridi, na alichukia kwamba hata humo ndani ya huzuni vidole vyake viliendelea kutafuta noti.

Jumapili alilisukuma kabati kwa mkokoteni mpaka baa ya Kunda. Watu walicheka, wakauliza kama anahama. Numbi alikuwa ameketi mbele, tuba mapajani. Adalbert akahesabu, wimbo ukaanza, na kabati likanguruma.

Lilisikika, ndiyo. Lakini lilisikika ngu, ngu, ngu, kila noti sawa na mwenzake, mvumo mmoja unaofunika magitaa na kumpoteza Adalbert mwenyewe. Wachezaji waligongana miguu. Faustin alizungusha vifundo vya mashine, akapunguza, akaongeza, jasho likimwingia machoni. Kwa nini nyumbani liliimba? Lampi zilezile, spika ileile! Adalbert alisimamisha wimbo na kumtazama Numbi, na Numbi akaanza kupangusa tuba kwa mkono wa shati.

Faustin aligeuza uso kwa aibu, na huko alikogeukia, nje ya ua wa matete, alimwona Ma Germaine amesimama na Léonie, mwenye furushi lake la vitenge. Alijificha nyuma ya kabati kama mwizi. Naye Ma Germaine, alivyolelewa vizuri, aligeuka akampa mgongo mkwewe, lakini alikuwa ameshausikia mngurumo na ameshauona mlango. Akamwuliza binti yake kabati lina nini ndani. Léonie akajibu. Wakanong'ona muda mrefu.

Kisha Léonie aliingia, furushi kichwani, akapita katikati ya wachezaji bila kumwomba mtu njia. Alifungua kabati mbele ya mtaa mzima, akavipanga vitenge ndani kimoja kimoja, hata cha harusi, mpaka rafu zikajaa. Akaufunga mlango. Bado hakumtazama mume wake.

"Mama anasema, baba hakutengeneza kabati ya kukaa bule," alisema. "Na njiwa, utamuchonga mwingine."

Akatoka.

Faustin aligusa uzi wa chini. Mvumo wa ovyo ulikuwa umekwisha. Vitenge vilikuwa vimeumeza. Noti ilitoka pana na safi, ikapita chini ya meza, ikapanda magotini mwa watu, na ile iliyofuata ilikuwa noti nyingine kweli. Adalbert hakuhesabu tena, alianza tu kuimba. Numbi aliweka tuba chini na kwenda kucheza. Mtu akapaza sauti: Faustin! Siku nyingine angelia kwa furaha. Siku hiyo alipiga besi macho yakiwa kwenye ua, na walipomaliza, nje ya ua hapakuwa na mtu.

Jua lilikuwa likishuka alipoanza kulisukuma kabati kurudi. Barabara ilikuwa mbaya, mkokoteni mzito, naye alikuwa akitunga maneno ambayo Alphonse angeyapeleka Katuba, na yote yalikuwa ya kijinga. Karibu na nyumba yao mzigo ukawa mwepesi ghafla. Mkono wa pili ulikuwa umeshika mti wa mkokoteni, kando ya wake.

"Polepole na mashimo," alisema Léonie. "Bitenge yangu iko mule ndani."